Hukumu ya talaka haigawi 401(k)

Jaji anaweza kuandika waziwazi kwamba mke apate nusu ya 401(k) ya mume, yaani akiba yake ya kustaafu ya kazini, hukumu ikagongwa muhuri, na bado mke asione hata senti. Kampuni inayotunza fedha hizo haikuwa mahakamani na hukumu ile haiifungi. Sheria ya shirikisho ya pensheni za kazini, ERISA ya mwaka 1974, inakataza mafao ya mfanyakazi yasihamishiwe mtu mwingine. Mlango wa talaka ulifunguliwa mwaka 1984, nao ni amri maalumu ya mahakama iitwayo QDRO, ambayo ukiipigia simu kampuni hiyo utawasikia wakiitamka "kwadro". Anayetoka mahakamani na hukumu bila karatasi hii ya pili ametoka na ahadi tu.

Maelezo haya yanawahusu Waswahili wanaoachana huku Marekani, wawe walioana Mombasa, Tabora au Minneapolis. Ndoa iliyofungwa kihalali kwetu inatambulika huku kama kawaida, na mali iliyochumwa ndani yake inagawanywa kwa sheria ya jimbo mnaloishi. Talaka iliyoandikwa mbele ya sheikh au kwenye kikao cha wazee inaweza kumaliza mambo kwa upande wa dini na ukoo, lakini haigusi akaunti hata moja.

Kwanza zijulikane zote

401(k) huwa na jina la mfanyakazi peke yake, hata ndoa ikiwa na miaka ishirini, kwa hiyo mwenzake anaweza asijue kama ipo. Pa kuanzia ni W-2, ile karatasi ya mshahara ya kila Januari. Tazama kisanduku namba 12. Herufi D maana yake mtu anakatwa kwenda 401(k). E ni 403(b), ya hospitali, shule na mashirika yasiyotafuta faida. G ni 457(b), mara nyingi ya serikali za majimbo na miji. AA ni 401(k) ya aina ya Roth, ambayo fedha zake huingia zikiwa zimeshalipiwa kodi, na W ni HSA, akaunti ya matibabu. DD isikushtue, hiyo ni gharama ya bima ya afya tu. Halafu shuka kisanduku namba 13: alama kwenye kiboksi cha katikati inaonyesha kuna mpango wa kustaafu hata kama kisanduku 12 kimekaa kitupu, kwa mfano pale mwajiri anapochangia peke yake au penye pensheni ya kila mwezi.

Baada ya W-2, pekua mafaili ya kodi. Fomu 1099-DIV na 1099-B zinafichua akaunti ya hisa. Fomu 5498 na 8606 zinafichua IRA, akaunti ya kustaafu ambayo mtu hujifungulia mwenyewe nje ya mwajiri. Ukiiona 1099-R, ujue kuna fedha za kustaafu zilitolewa mwaka ule, na una haki ya kuuliza zilikwenda wapi. Kama mlikuwa mnafaili kodi pamoja, kila mmoja wenu anaweza kuomba IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, nakala ya marejesho hayo bila kumuuliza mwenzake. W-2 za mwenzako utazipata kupitia wakili katika hatua ya kuwekeana nyaraka wazi, au kwa yeye kusaini fomu 4506-T, inayotoa muhtasari wa mapato wa hadi miaka kumi nyuma. Mtu aliyepita kwenye ajira tano anaweza kuwa na 401(k) tano, nyingine hata yeye mwenyewe ameshazisahau. Jina kamili la mpango wa mwajiri lipo kwenye fomu 5500, ambayo mipango mingi huiwasilisha kila mwaka na inasomeka bure kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi. Linakili jina hilo neno kwa neno. Amri inayosema "401(k) ya hospitali anayofanyia kazi" hurudishwa.

Kipi ni cha ndoa na kipi si cha ndoa

Majimbo tisa (Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin) huhesabu kilichochumwa ndani ya ndoa kuwa cha wote wawili tangu kinapopatikana. Mengineyo hugawa kwa kadiri ya haki, na haki si lazima iwe nusu. Hata hayo tisa hayafanani: California ni nusu kwa nusu, lakini jaji wa Texas ana nafasi ya kugawa anavyoona ni sawa. Ushauri wa binamu aliyeachana Houston usiutumie Columbus.

Kinachogawanywa ni kilichoingia kati ya siku ya ndoa na siku ya ukomo, na siku ya ukomo nayo hubadilika jimbo kwa jimbo. California hutazama siku mlipotengana. New York hutazama siku kesi ilipofunguliwa. Minnesota, thamani huchukuliwa siku iliyopangwa mwanzoni kwa kikao cha mapatano kabla ya shauri kusikilizwa, isipokuwa mkubaliane vingine au jaji aone siku nyingine ni ya haki zaidi. Akaunti inayopokea dola 1,500 kwa mwezi, yaani makato ya mfanyakazi pamoja na mchango wa mwajiri, huongezeka dola 12,000 katika miezi minane, hata kabla ya faida ya soko. Ndiyo maana mawakili hubishania tarehe.

Salio lililokuwepo kabla ya ndoa ni la mwenyewe, na kwa kawaida ukuaji wake pia, ila mzigo wa kuthibitisha uko juu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mume aliyeingia kwenye ndoa na dola 18,000, akiwa na taarifa ya akaunti ya mwezi ule na za miaka iliyofuata, anaweza kumpa mhasibu azifuatilie zilivyokua na kuzitoa kabla ya mgawanyo. Asiye na karatasi ajiandae kuona akaunti nzima ikihesabiwa ya ndoa. Waajiri hubadilisha kampuni za utunzaji, na taarifa za miaka ya nyuma hubaki kwenye kampuni ya zamani. Ziombeni mapema, kabla hamjaanza kununiana. Texas ina lake la ziada: kwenye akaunti ya hisa ambayo mtu alikuja nayo, ongezeko la bei hubaki lake, lakini gawio linalolipwa ndani ya ndoa ni la wote wawili.

Laki moja hii si laki moja ile

Makosa makubwa hufanyika sebuleni, kwa nia njema kabisa: "Wewe chukua akaunti ya hisa, mimi nibaki na 401(k), zote zina laki moja, tumemalizana." Hebu tupige hesabu. Dola 100,000 zilizomo kwenye 401(k) ya kawaida hazijawahi kulipiwa kodi ya mapato. Atakayezitoa akiwa kwenye daraja la asilimia 22 atabakiwa na dola 78,000 hivi. Dola 100,000 za hisa zilizonunuliwa kwa dola 30,000 zina faida ya 70,000. Kwa kiwango cha asilimia 15 cha hisa zilizokaa zaidi ya mwaka, kodi ni 10,500, na kinachobaki ni 89,500. Roth IRA iliyotimiza miaka mitano, mwenyewe akiwa amefikisha miaka 59 na nusu, hutoka yote bila kodi. Fedha za benki zimeshalipiwa. Hapo bado kodi ya jimbo, kwa wanaoishi kwenye majimbo yanayotoza.

Kwa hiyo akaunti nne zenye namba moja hazina thamani moja. Ukitaka kubadilishana, kwanza zote ziletwe kwenye thamani baada ya kodi, kwenye karatasi, kila mmoja akiiona. Maoni yangu ni kwamba kama hakuna sababu ya nguvu ya kubadilishana, gaweni kila akaunti katikati. Karatasi zitakuwa nyingi na ada zitaongezeka kidogo, lakini kila mmoja atabeba kodi ileile na misukosuko ileile ya soko, na hakuna atakayegundua miaka mitatu baadaye kwamba alibambikiwa.

QDRO yenyewe

Sheria inataka amri itaje mambo manne: jina na anwani ya mwisho inayojulikana ya mfanyakazi na ya mlipwaji mbadala, yaani mwenza anayepokea; kiasi au asilimia, au njia ya kukipata; idadi ya malipo au muda wake; na jina la kila mpango unaohusika. Amri haiwezi kuulazimisha mpango utoe aina ya malipo ambayo hauna, wala ulipe zaidi ya kilichomo, wala iguse sehemu iliyokwisha kuchukuliwa na QDRO ya mtalaka wa kwanza. Namba za SSN na tarehe za kuzaliwa ziwekwe kwenye karatasi ya pembeni inayopelekwa kwa msimamizi wa mpango tu, maana amri yenyewe hukaa kwenye jalada la mahakama.

Hayo manne ni ya kukubaliwa mlangoni. Fedha hupotelea kwenye maneno ambayo sheria haiyalazimishi.

Chukua faida na hasara. Kati ya siku ya ukomo na siku mpango unapozitenga fedha za mke inaweza kupita miezi sita, inaweza kupita miaka miwili. Tuseme akaunti ilikuwa na dola 160,000 mwanzoni mwa 2022, amri ikasema mke apewe dola 80,000, basi. Mwaka ule faharasa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, S&P 500 ilishuka zaidi ya asilimia 19. Akaunti iliyofuata soko ilibaki na kama 129,600. Mke akachukua 80,000 zake kamili, mume akabaki na 49,600. Soko likipanda, kilio huhamia upande wa pili: mke anapewa 80,000 zilezile ilhali nusu yake imeshakua. Dawa yake ni sentensi moja: asilimia 50 ya salio la tarehe fulani, pamoja na faida au hasara yake hadi siku ya kutengwa. Kwenye mfano huu kila mmoja angepata 64,800.

Mkopo ni kaburi la pili. Wengi wetu tumeshakopa kwenye 401(k) kujenga Kigamboni au kununua kiwanja Kitengela. Sheria inaruhusu hadi dola 50,000 au nusu ya kilichokomaa, yaani kilichokwisha kuwa cha mfanyakazi hata akiacha kazi leo, kipi kidogo. Mkopo hubaki kwa mfanyakazi, hauhamishwi. Swali ni kama nusu inapigwa kabla au baada ya kuuhesabu. Akaunti ina dola 70,000 za uwekezaji na deni la 30,000. Ukihesabu deni kuwa ni mali aliyokwisha kuichukua mume, jumla ni 100,000 na mke anapata 50,000. Usipolihesabu anapata 35,000. Kama fedha zilijenga nyumba ambayo nayo inagawanywa, kulihesabu deni ni kumkata mume mara mbili. Kama hazijulikani zilipokwenda, kutolihesabu ni kumdhulumu mke. Amri inyamazayo huachia kanuni za mpango ziamue, na mpango haujui lolote kuhusu Kigamboni.

Mchango wa mwajiri nao haukomai siku moja. Kwenye 401(k) unaweza kusubiri hadi miaka mitatu kukomaa wote kwa mpigo, au kukomaa kidogo kidogo hadi mwaka wa sita. Andika kama mlipwaji mbadala ana haki kwenye sehemu itakayokomaa baadaye. Na penye mchanganyiko wa fedha za kawaida na za Roth, sema zitoke kwa uwiano kutoka kila fungu, asije mmoja akaondoka na Roth yote.

Mwendo wenyewe uanze kabla ya hukumu. Omba kwa msimamizi wa mpango utaratibu wake wa QDRO na mfano wa amri anaoukubali. Msimamizi huyo anatajwa kwenye kijitabu cha muhtasari wa mpango, na mara nyingi ni mwajiri mwenyewe. Ile kampuni ya uwekezaji ambayo nembo yake ipo kwenye taarifa za akaunti huwa ni mtunzaji tu. Mfano wao utumie kama mifupa. Umetengenezwa kuurahisishia mpango kazi, haumwangalii yeyote kati yenu. Rasimu ikishaandikwa, ipelekwe kwa msimamizi aikague kabla jaji hajaigusa. Mipango mingi hukubali kufanya hivyo. Marekebisho yakiisha, jaji aisaini siku ileile ya hukumu. Kisha chukua nakala iliyothibitishwa na karani wa mahakama, uipeleke kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa, usubiri barua ya kuikubali. Wakati msimamizi anaamua, anapaswa kuzitenga kwenye hesabu zake fedha ambazo zingelipwa kwa mlipwaji mbadala, kwa muda usiozidi miezi kumi na minane. Mpango mmoja, amri moja.

Gharama ya kuandikiwa ni dola mia kadhaa hadi elfu na ushee kwa kila amri, na mpango wenyewe unaweza kukata ada ya ukaguzi kutoka kwenye akaunti. Andikeni nani analipa. Zaidi ya hapo, soma mkataba wako na wakili: wengi huhesabu kazi imeisha hukumu ikitoka, na QDRO haimo kwenye bei. Hapo ndipo jalada hufungwa na karatasi ya pili ikasahaulika kwa miaka.

Kusahau kuna bei yake. Mume akioa tena halafu akafa kabla ya QDRO, sheria ya shirikisho inamtambua mke mpya kuwa mrithi wa 401(k), isipokuwa alikubali vinginevyo kwa maandishi. Sheria ya 2006 inasema amri isikataliwe kwa sababu tu imechelewa, hata mfanyakazi akiwa ameshafariki, lakini kuifuata wakati huo ni kesi mpya, na penye pensheni ya kila mwezi mara nyingine haki imeshampita kabisa.

Upande wa pili wa shilingi ni fomu ya mrithi. Katika kesi ya Kennedy dhidi ya mpango wa akiba wa DuPont, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009, mfanyakazi alikuwa ameachana na mkewe mwaka 1994 na hukumu ikasema mke hana tena haki kwenye mafao yale. Hakubadilisha fomu. Alipofariki mwaka 2001 mpango ulimlipa mtalaka wake dola 402,000 hivi, binti yake kwa niaba ya mirathi akashitaki, na mahakama ikasema mpango ulifanya sawa kufuata karatasi iliyokuwa mezani. Kwa hiyo badilisha fomu zote baada ya talaka kukamilika. Usiwahi kabla: California, kwa mfano, aliyefungua kesi huzuiwa papo hapo, na mwenzake mara anapokabidhiwa karatasi za kesi, kuhamisha mali au kubadilisha warithi mpaka iishe.

Kama unahitaji fedha taslimu

Fedha zinazolipwa moja kwa moja kutoka 401(k) kwa mwenza kupitia QDRO hazitozwi ile adhabu ya asilimia 10 ya kutoa kabla ya umri, hata akiwa na miaka 35. Kodi ya mapato anailipa yeye aliyepokea, na mpango hukata asilimia 20 juu kwa juu. Anayetaka dola 30,000 mkononi aombe 37,500, zitakatwa 7,500. Hiyo asilimia 20 ni malipo ya awali tu, kodi kamili hujulikana akifaili.

Mtego uko hapa. Akizihamishia zote kwenye IRA yake kwanza, halafu mwezi ujao akatoa 37,500, msamaha umekwisha: kabla ya miaka 59 na nusu anadaiwa adhabu ya 3,750 juu ya kodi. Kwa hiyo kinachohitajika mkononi kitolewe kikiwa bado kwenye mpango, na kilichobaki kiende moja kwa moja IRA, hundi ikiandikwa kwa kampuni ya IRA kwa manufaa yake na si kwa jina lake. Uliza mapema kama mpango unaruhusu kugawa malipo mara mbili hivyo. Na mume asijitolee mwenyewe fedha akamkabidhi mke; kodi na adhabu vitamwangukia yeye.

IRA na akaunti za hisa

IRA haihitaji QDRO. Inahitaji hukumu au makubaliano ya talaka yanayoitaja, fomu ya kampuni husika ya uhamisho wa talaka, na IRA ya mpokeaji ya aina ileile, Roth kwa Roth. Fedha zipite kampuni kwa kampuni. SEP na SIMPLE, ambazo madereva wa malori waliojiajiri na wenye biashara ndogo hupenda kufungua, nazo ni IRA. Kosa la kawaida ni mwenye akaunti kutoa fedha, kuandika hundi na kudhani ametimiza hukumu. Kwa IRS huyo ametoa tu mafao yake. Kosa la pili ni kuhamisha kabla hukumu haijatoka.

Akaunti ya kawaida ya hisa inagawanywa bila kodi siku ya uhamisho, ndani ya mwaka mmoja baada ya ndoa kuisha, au hadi miaka sita kama hati ya talaka inaagiza hivyo. Lakini bei ya kununulia huhama pamoja na hisa. Tuseme kuna hisa 200 za kampuni moja: 100 zilinunuliwa kwa dola 20, 100 kwa dola 90, na leo zote ni dola 100. "Kila mmoja achukue mia" inasikika kama haki, kumbe mwenye fungu la zamani amebeba faida ya 8,000 ya kulipiwa kodi na mwenzake 1,000. Andika "nusu ya kila fungu la manunuzi", na zihame zikiwa hisa, zisiuzwe.

HSA hugawanywa kama IRA. 529 ya mtoto, yaani akiba ya masomo, iko mikononi mwa mzazi ambaye jina lake lipo kwenye akaunti, anaweza kuitoa kesho. Wekeni masharti kwa maandishi.

Pensheni ya kila mwezi na kazi za serikali

Pensheni ya zamani haina salio la kukata katikati, hugawanywa kwa miezi. Miezi 120 ya ndoa ndani ya miezi 300 ya kazi ni asilimia 40, nusu yake 20. Kwenye malipo ya dola 3,000 mke hupata 600. Cha kuangalia kuliko hesabu hiyo ni kifungu cha kifo. Bila kipengele cha mjane kwenye amri, malipo yanaweza kukoma siku mume anapozikwa.

QDRO ya kawaida haifanyi kazi serikalini. FERS, pensheni ya wafanyakazi wa serikali ya shirikisho, inasimamiwa na ofisi ya utumishi ya serikali hiyo, OPM, kwa kanuni zake. TSP, akiba yao inayofanana na 401(k), inataka amri yake, ikitajwa kwa jina kamili. Majimbo mengi yana fomu zao kwa walimu na polisi. Jeshini kuna uvumi kwamba ndoa isiyofika miaka kumi haina fungu. Si kweli: miaka kumi ya ndoa iliyokwenda sambamba na miaka kumi ya utumishi ni sharti la kulipwa moja kwa moja na ofisi ya malipo ya jeshi, haki yenyewe jaji anaweza kuitoa hata kwa ndoa fupi.

Social Security, pensheni ya uzeeni ya serikali ya shirikisho, jaji haigusi, lakini kalenda inaigusa. Ndoa iliyodumu miaka kumi kamili, toka harusi hadi talaka kukamilika, humpa mtalaka ambaye hajaolewa au kuoa tena haki ya kudai kuanzia miaka 62 kwa kumbukumbu za mwenzake, hadi nusu ya fao lake kamili, bila kumpunguzia mwenzake chochote. Mwenye ndoa ya miaka tisa na miezi kumi aongee na wakili kuhusu tarehe ya hukumu.

Nyumbani, na anayerudi nyumbani

Vipande vya UTT, hisa za Safaricom, akiba ya Sacco na michango ya NSSF vinahesabika kwenye mali ya ndoa huku. Jaji wa Ohio hana amri juu ya NSSF, ana amri juu yako: huweka thamani yake na kukukata kwingine. Anayevificha akumbuke kwamba jumla ya akaunti zake za nje ikipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, alitakiwa kuziripoti kwenye FBAR, fomu ya shirikisho ya akaunti za nje, na wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini hakufanya hivyo.

Kinyume chake, hukumu ya mahakama ya Kisutu au Milimani haiwezi yenyewe kuwa QDRO. Lazima itambuliwe kwanza na mahakama ya jimbo huku, nayo itoe amri.

Anayeondoka kabisa kurudi kwao ana mambo mawili ya kuwahi. Ule uhamisho wa hisa bila kodi haumhusu mwenza ambaye kwa sheria ya kodi ameshakuwa mgeni asiye mkazi. Anayemhamishia hudaiwa kodi ya faida kana kwamba ameuza. Na malipo ya kustaafu kwa mtu wa namna hiyo hukatwa kwa kawaida asilimia 30 badala ya 20, kwa sababu Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania wala Kenya wa kuipunguza. Mwenye kadi ya kijani huhesabiwa mkazi mpaka airudishe rasmi, kwa hiyo utaratibu mzuri ni mgawanyo ukamilike kwanza, kadi baadaye. IRA ya kupokelea ifunguliwe akiwa bado na anwani ya huku, maana madalali wengi wa hisa hawamfungulii mtu mwenye anwani ya ng'ambo.